Seva Iko Nyumbani, Anwani Iko Nairobi

Mhadhara uliotolewa mjini Nyeri mbele ya walimu, mafundi wa mitandao, wazazi na vijana

Najua wapo walioisoma mada hii kwenye bango wakaguna. Watu waliozoea kukusanyika kujadili bei ya kahawa na karo ya shule, leo wameitwa kusikiliza habari za gemu? Naomba mnivumilie. Kabla hatujaachana nitakuwa nimefika kwenye kamera za mageti yenu na kompyuta za shule zenu, na sitakuwa nimetoka nje ya mada.

Kusudi langu ni hili. Kijana wa mtaa wa Kamakwa, hapa Nyeri, ameweka seva ya gemu kwenye kompyuta ya nyumbani ili acheze na wenzake. Yeye anaingia bila shida. Mwenzake wa mji jirani wa Karatina anajaribu, haingii. Nataka kueleza jinsi ya kutafuta chanzo bila kubahatisha, na kuonyesha kwamba mara nyingi sana chanzo hicho hakimo ndani ya nyumba ya kijana huyo. Dai langu nalitoa mapema ili mnipime nalo: intaneti ya majumbani mwetu imejengwa na kuuzwa kama huduma ya kupokea. Kupakua filamu, kusoma habari, kutuma pesa, yote hayo yanaenda vizuri. Siku unapotaka kuwahudumia wengine kutoka nyumbani kwako ndipo unapogundua kwamba hukuuziwa mlango wa kuingilia.

Nitatumia Minecraft kama mfano mkuu kwa sababu ndiyo inayojulikana zaidi. Ilitengenezwa Uswidi na kampuni ya Mojang, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2014, na programu yake ya seva hupakuliwa bure. Kompyuta ya mtumba, ile ya ex-UK, yenye kumbukumbu ya kutosha inaiendesha, mradi iwe na Java ya toleo linalotakiwa. Toleo la 1.20.5 lilianza kudai Java 21, na seva nyingi zinazokataa kuwaka zina Java ya zamani tu.

Hoja ya kwanza: kuna sababu ya kuweka seva karibu

Mzazi atauliza, kwa nini asikodi seva ng'ambo tukalala? Jibu liko kwenye umbali. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka hapa hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 150, kwa hiyo pakiti ya data huenda na kurudi kwa milisekunde 1.5 hivi, ukiacha muda unaoliwa na vifaa vya njiani. Seva nyingi za kukodi ziko Ulaya. Nairobi hadi Frankfurt ni zaidi ya kilomita 6,000 angani, yaani milisekunde 60 kwenda na kurudi hata kama kebo ingenyooka. Hainyooki. Inateremka Mombasa, inapita Bahari ya Shamu, inavuka Misri na kuingia Mediterania, na mchezaji anajikuta na milisekunde mia na kitu kabla hata hajabonyeza kitufe. Kwenye gemu ya kupiga risasi, huyo amekwisha kufa na hajajua.

Nchi hii imewahi kulilipia somo hilo. Zamani za setilaiti, kabla kebo za TEAMS na SEACOM hazijafika Mombasa mwaka 2009, barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda kwa kampuni nyingine ya mtaa wa pili iliweza kupanda angani, ikatua ng'ambo, ikarudi. Ndipo kampuni zilipoanzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano ndani ya nchi, KIXP, mnamo Novemba 2000. Kikafungwa muda mfupi baadaye kwa malalamiko ya Telkom Kenya, iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya kimataifa. Kilifunguliwa tena Februari 2002, na tangu hapo ujumbe wa jirani kwa jirani hauna haja ya pasipoti.

Lakini kituo hicho kiko Nairobi. Kijana wa Kamakwa aliyejiunga na kampuni hii na mwenzake wa mtaa wa Skuta aliyejiunga na kampuni ile, kwa kawaida pakiti zao hukutana huko: kilomita 300 kuvuka mji mmoja. Mchezaji hatahisi milisekunde tatu za kwenda na kurudi. Mimi naitaja safari hiyo kwa sababu nyingine, na tutaihitaji kwenye hoja ya nne.

Faida ya ukaribu ilionekana Mei 2024. Kebo za EASSy na Seacom zilikatika tarehe 12 karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Mawasiliano ya Nyeri na Nairobi hayapiti baharini, kwa hiyo seva iliyo hapa yenye wachezaji wa hapa haitegemei kebo hizo isipokuwa mahali pamoja: Minecraft, kwa mpangilio wake wa kawaida, huthibitisha jina la kila anayeingia kwa kuuliza seva za wenye gemu huko nje. Kuna vijana wanaouzima uthibitisho huo ili mambo yaende haraka. Nawasihi msifanye hivyo kwenye seva iliyo wazi kwa dunia, kwa maana ukishauzima, yeyote anaweza kuingia kwa jina la yeyote, likiwemo jina lako wewe msimamizi.

Hoja ya pili: soma kosa kabla ya kugusa kitu

Hapa ndipo muda mwingi unapopotea. Mtu akiambiwa "haiingii", anakimbilia ruta, anaizima na kuiwasha, anabadilisha kila anachokiona, na mwishowe hajui kipi kimeharibika na kipi alikiharibu mwenyewe. Wakati huohuo skrini ya mwenzake ilikuwa imesema kitu mahususi na hakuna aliyekisoma.

Skrini ikisema muunganisho umekataliwa, hiyo ni habari njema. Pakiti ilifika kwenye mashine, na mashine ikajibu kwamba kwenye poti iliyobishwa, yaani namba ya mlango wa programu, hakuna anayesikiliza. Mara nyingi seva haijawaka, au imewaka kwenye poti nyingine. Huna haja ya kumpigia simu mtu wa intaneti.

Skrini ikisema muda umekwisha, hapo ni kimya. Pakiti iliondoka na hakuna aliyeijibu. Ama anwani si yenyewe, ama ngome ya kompyuta, yaani firewall, imeimeza bila neno, ama ruta haikujua pa kuipeleka. Ama haikufika kwenye ruta yako kabisa.

Akiingia halafu akatolewa kwa ujumbe wa toleo lisilolingana, au wa kutokuwamo kwenye orodha ya walioruhusiwa, basi mtandao umemaliza kazi yake na hauna kosa. Nimewaona watu wazima, mafundi wenye vyeti, wakichunguza nyaya kwa sababu ya gemu iliyosasishwa upande mmoja tu. Na liko hili la simu, ambalo wazazi lazima walijue: Minecraft ya kwenye simu ni ya jamii ya Bedrock, na seva wanazopakua vijana wengi ni za jamii ya Java. Hizo mbili hazizungumzi. Mtoto mwenye simu hataingia hata ukimletea faiba hadi kitandani, mpaka msimamizi aweke programu ya kutafsiri kati yake kama Geyser, au aendeshe seva ya Bedrock.

Hoja ya tatu: anza ndani ukitoka nje

Utaratibu ni mmoja na haubadiliki. Jaribu kwanza kwenye kompyuta yenyewe ya seva, kwa anwani 127.0.0.1. Ikikubali, nenda kwenye kompyuta nyingine ya nyumba hiyohiyo, ukitumia anwani ya ndani, ile inayoanza kwa 192.168. Ikikubali, toka nje: washa hotspoti ya simu yako kwa data ya laini, unganisha laptopu nyingine nayo, ujaribu anwani ya umma, ile ambayo dunia inakuona nayo. Baada ya hapo ndipo umwite rafiki wa Karatina. Hatua itakayogoma ndiyo yenye kosa, na zilizotangulia zimejitetea zenyewe.

Kwa nini nasisitiza hotspoti? Kwa sababu ruta nyingi za nyumbani haziwezi kumrudisha ndani mtu aliyeko ndani anayebisha kwa anwani ya nje. Kijana anaandika anwani ya umma akiwa sebuleni, inakataa, anaamini mpangilio wake ni mbovu, anaubomoa. Kumbe wa Karatina alikuwa anaingia vizuri. Jaribio la nje hufanywa ukiwa nje, basi.

Ikigoma hatua ya pili, itazame kwanza Windows. Mara ya kwanza seva inapowaka, Windows huuliza kama iruhusiwe kupokea wageni, na mtoto aliye na haraka hubonyeza kughairi. Kubonyeza huko si kuahirisha. Windows huandika kanuni ya kuizuia programu hiyo, na kanuni hiyo hukaa humo hata ukiiwasha seva upya mara mia. Ingia kwenye orodha ya kanuni za ngome, ifute ile ya kuzuia, uruhusu upya. Angalia pia kama Waifai ya nyumbani haikusajiliwa kama mtandao wa mahali pa umma, kwa sababu hapo Windows hujifungia zaidi.

Ikigoma hatua ya tatu, angalia ulivyoielekeza poti kwenye ruta. Namba na itifaki lazima zilingane. Minecraft ya Java husikiliza TCP 25565. Ya Bedrock, UDP 19132. Terraria ni TCP 7777, seva za Counter-Strike ni UDP 27015, na Luanti, ile gemu huria iliyokuwa ikiitwa Minetest, ni UDP 30000. Ukielekeza TCP mahali panapotakiwa UDP, kila kitu kitaonekana sawa kwenye ukurasa wa ruta na hakuna atakayeingia.

Sasa niwaeleze kisa ambacho kila fundi hapa amekutana nacho. Jana usiku vijana walicheza hadi saa sita. Alfajiri stima ikapotea, ikarudi baada ya nusu saa. Jioni hakuna anayeingia. Mama anasema stima imeunguza ruta. Haijaunguza kitu. Ruta ilipowaka upya ilianza kugawa anwani za ndani kwa aliyewahi kuomba, na simu ya mama ikawahi. Ikachukua 192.168.1.5, ambayo jana ilikuwa ya seva. Seva ikapewa nyingine. Kanuni ya kuelekeza poti bado inaelekeza kwa tano kwa uaminifu kabisa, yaani wachezaji wanabisha kwenye simu ya mama. Dawa yake ni kuihifadhia seva anwani moja kwenye ruta ili isipewe mwingine. Na kwa kuwa stima itapotea tena, ingia kwenye mpangilio wa awali wa kompyuta (BIOS) uiagize iwake yenyewe stima ikirudi, kisha uifanye programu ya seva ijiwashe pamoja na kompyuta. Betri ndogo ya akiba kwa ruta na kifaa cha faiba nayo haijawahi kumtupa mtu.

Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika ulichobadilisha. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na ikakubali, hujajifunza lolote, na wiki ijayo utarudi palepale.

Hoja ya nne: anwani si yako

Tumefika penyewe. Umefuata yote niliyoyasema. Ndani inakubali, ngome umeifungua, poti umeielekeza, seva ina anwani yake ya kudumu. Nje, kimya. Muda umekwisha, muda umekwisha.

Fungua ukurasa wa ruta yako. Tafuta anwani ambayo ruta imepewa na kampuni ya intaneti, ya upande wa nje. Iandike. Kisha fungua tovuti yoyote inayoonyesha dunia inakuonaje, uandike anwani hiyo pia. Zikilingana, una mlango. Zisipolingana, ruta yako iko nyuma ya ruta nyingine usiyoimiliki. Na ikiwa ile ya kwanza inaanzia 100.64 hadi 100.127, huna haja ya kuendelea kutafuta. Safu hiyo ilitengwa rasmi Aprili 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti kuwarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma.

Wazee watalielewa hili haraka kuliko vijana, kwa sababu waliishi nalo. Tulipokuwa wanafunzi, barua zetu zilipitia Sanduku la Posta la shule, Nyeri 10100. Sanduku moja, wanafunzi mamia. Ukimwandikia shangazi, akakujibu kwa kutaja jina lako na darasa lako, karani alijua ampe nani. Lakini mtu usiyemjua akituma bahasha yenye namba ya sanduku tu, bila jina, karani aipeleke wapi? Ruta kubwa ya kampuni ndiyo karani huyo. Ukianza wewe kuomba ukurasa, anaandika kwenye daftari lake kwamba jibu likija ni lako. Mchezaji wa Karatina anayebisha bila wewe kumwita hamo daftarini. Anatupwa. Na kanuni zako zote za kuelekeza poti ziko kwenye ruta ya nyumbani, ambayo pakiti ya Karatina haijawahi kuiona.

Kosa hili ni la nani? Nisingependa tutoke hapa tukizilaani kampuni. Mfumo wa zamani wa anwani, IPv4, una nafasi 4,294,967,296 tu kwa dunia nzima. Hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho tarehe 3 Februari 2011. AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linaloigawia Afrika anwani, lilikuwa na akiba kwa muda mrefu kuliko wenzake wa mabara mengine, lakini Januari 2020 nalo liliingia awamu ya mwisho ya kubana matumizi. Kampuni inayounganisha nyumba kwa maelfu kila mwezi haina pa kuzitoa anwani za kila nyumba. Kurundika wateja ni hesabu, si hila.

Ninachokilalamikia ni ukimya. Nyumba inauziwa megabiti, na hakuna anayemwambia mwenye nyumba kwamba hakuna atakayeweza kumbishia kutoka nje. Mnakumbuka ile safari ya kilomita 300? Kompyuta iko Kamakwa, mwenzake yuko Skuta, na ruhusa ya wao kukutana iko kwenye chumba cha mitambo Nairobi, kwa mtu ambaye hamna namba yake ya simu.

Na sasa kamera, kama nilivyoahidi. Mzazi mwenye kamera kwenye geti, mtaani Ruring'u, anaiona picha yake akiwa Mombasa. Amejiuliza inampataje, ikiwa nyumba haina mlango? Mara nyingi kamera yenyewe hupiga simu nje, kwa seva za aliyeitengeneza, na picha ya geti lako hupitia huko ndipo ikufikie wewe. Shule inayotaka wanafunzi wasome maktaba yake ya kidijitali wakiwa nyumbani inakutana na ukuta uleule. Kijana wa gemu amewatangulia tu kuugonga, kwa kuwa yeye ndiye wa kwanza katika nyumba nyingi kutaka kuhudumia wengine.

Hoja ya tano: si kila kuganda ni intaneti

Hii nitaipitia upesi. Minecraft hupiga hatua 20 kwa sekunde, yaani kila hatua ina milisekunde 50 za kukamilika. Kompyuta ikizidiwa, hatua zinachelewa, wachezaji wote wanaganda kwa pamoja, na rekodi za seva zinasema waziwazi kwamba imeshindwa kwenda na kasi. Hakuna kifurushi cha intaneti kitakachotibu hilo. Anayeganda peke yake, huyo mtafute kwenye Waifai yake. Seva yenyewe haifai kuwa kwenye Waifai hata kidogo, ivutie waya.

Mvua nayo husingiziwa. Wanaotumia setilaiti wana haki ya kuilaumu, kwa kuwa masafa yale ya juu hunyonywa na mvua nzito. Kwa wanaotumia redio za paa hadi paa za masafa ya chini zaidi, matone yenyewe si tatizo kubwa kama maji yaliyopenya kwenye kiungo cha waya, au majani mabichi ya mikaratusi iliyoota tangu fundi aliposimika antena. Migongo na mabonde yetu hayana huruma kwa redio isiyoonana na mwenzake uso kwa uso. Nanyuki nayo, kilomita zipatazo 60 kutoka hapa, ilichaguliwa mwaka 2013 kwa majaribio ya mradi wa Mawingu, uliotumia masafa ya televisheni yasiyokuwa na kazi, ambayo hupenya miti vizuri zaidi, pamoja na umeme wa jua. Mwaka 2015 mkuu wa Microsoft, Satya Nadella, alikuja Nanyuki kuzindua Windows 10. Wengi wanakumbuka picha zake. Mimi nakumbuka masafa.

Hoja ya sita: njia zilizopo, na bei ya kila moja

Njia ya kwanza ni kuiomba kampuni yako anwani ya umma ya kudumu. Baadhi huitoa kwa ada ya ziada au kwa wateja wa biashara. Uliza swali kwa maneno haya: je, anwani ya ruta yangu ni ya umma, au niko nyuma ya anwani ya pamoja? Mhudumu asipoelewa, omba kuongea na fundi.

Njia ya pili ni IPv6, mfumo mpya wa anwani ambao kila kifaa nyumbani kinaweza kuwa na yake. Hapo hakuna kuelekeza poti. Unaruhusu tu kwenye ngome. Kizuizi ni kwamba kampuni yako na ya mwenzako zote mbili ziwe zimeiwasha.

Njia ya tatu, na ndiyo ninayoipendekeza kwa kundi la marafiki wanaojuana, ni mtandao wa faragha: Tailscale, ZeroTier na jamaa zao. Kila mmoja huanza kupiga nje, na programu huwakutanisha katikati, kwa hiyo huhitaji mlango wa umma. Ni lazima kila mchezaji aiweke, na huko ndiko kuna kazi, hasa kwa mwenye simu ya zamani.

Njia ya nne ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma na kupitishia trafiki humo. Angalieni iko wapi. Ukiikodi Frankfurt, pakiti ya Karatina itaenda Ujerumani ili ifike Nyeri, na jibu litarudi kwa njia hiyohiyo: bahari kuvukwa mara nne kwa mwendo wa nusu saa kwa matatu. Ukipata ya Nairobi, ichukue hata kama ni ghali kidogo.

Kwa njia yoyote, ukishafungua mlango wajue wanaopita barabarani. Poti iliyo wazi hugunduliwa na mashine za kupekua mapema kuliko marafiki zako. Desemba 2021 dunia ilitetemeka kwa udhaifu wa Log4j, programu ya Java ya kuandika rekodi, na seva za Minecraft zilikuwa miongoni mwa za mwanzo kushambuliwa: ujumbe mmoja kwenye maongezi ya gemu ulitosha kuiteka mashine. Toleo la 1.18.1 lilitolewa kuziba tundu hilo. Na Mirai, ile programu iliyoteka kamera na ruta zenye nywila za kiwandani na kuangusha tovuti kubwa Oktoba 2016, waliiunda vijana wa Marekani, na ugomvi wa seva za Minecraft ulikuwa sehemu ya chanzo chake. Walikiri mashtaka mwaka uliofuata. Kwa hiyo: sasisha seva, tumia orodha ya walioruhusiwa, badilisha nywila ya ruta leo, na msikubali ushauri wa kuiweka kompyuta nzima wazi mbele ya ruta ati ndiyo dawa ya haraka. Kompyuta hiyo ndiyo ina picha za familia na hati za shamba.

Bwana Mwenyekiti, muda wangu unakwisha, nami nina maombi matatu. Kwa wazazi na wakuu wa shule: kabla ya kutia sahihi mkataba ujao wa intaneti, ulizeni lile swali la anwani na swali la IPv6, na majibu yaandikwe. Kampuni husikia swali likiulizwa na wengi. Kwa mafundi: mkisimika ruta, mwachieni mwenye nyumba karatasi yenye anwani zake na nywila zake, na mwambieni yuko nyuma ya anwani ya pamoja au la. Kwa vijana, hasa wa chuo kikuu na wa politekniki: kusanyeni takwimu. Chukueni nyumba za mitaa yenu, kampuni kwa kampuni, muone ni ngapi zina anwani ya umma, ngapi zina IPv6, na pakiti za Nyeri kwenda Nyeri zinapitia wapi. Mkiwa na ramani hiyo, tutakuwa na la kuwaonyesha wenye kampuni, na wa serikali ya kaunti, tutakapouliza kwa nini mji wenye vyuo, hospitali na shule zote hizi hauna mahali pake pa kubadilishana mawasiliano. Mombasa ina pake.

Ruta zangu mbili ziko hapa mezani kwa majaribio, na laptopu ya seva imeshawaka. Naona mikono kule nyuma. Tuanze na wa Karatina, maana matatu za jioni haziwasubiri.